Chumvi ya Pembe Nne

Jumapili, 12 Januari

Dada Imakulata, Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia hapo ulipo, hata kama masikio hayakusikia. Yanaendeleaje hayo masikio? Na goti je? Baridi ya Sumbawanga haikulikamata tena? Sisi huku tuko na joto letu la bondeni. Shemeji yako Anselmo mzima, anakusalimu. Mwanetu Maiko yuko Mpanda na pikipiki yake, analeta habari akipenda. Mimi mzima, isipokuwa kiuno.

Ulipokuja mwezi wa kumi na moja uliniambia, "Kwenye simu mimi sisikii, na wewe kwenye simu unasema kila kitu ni kizuri. Niandikie." Basi nimenunua daftari hili Majimoto. Nitaandika mpaka mpunga uingie ndani, ndipo nikupe lote kwa mkono wa dereva wa basi.

Leo baada ya misa limesomwa tangazo. Serikali imetenga fedha za kuzuia chumvi isiendelee kula mashamba ya bonde hili. Kutachimbwa mtaro wa kutoa maji yanayotuama, chumvi iondoke nayo. Watu wamepiga makofi. Mimi nimekumbuka jaruba letu la mwisho, lile la msimu uliopita. Mpunga ulikuwa na mimba, ukakauka hivyohivyo, na ardhi ikabaki na ukoko mweupe kama unga uliomwagika. Watu walisema kijicho. Wewe ukasema tuombe, ukaja na chumvi yako ya baraka, tukazika mafungu manne ya kitambaa cheupe kwenye pembe nne za shamba.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Anselmo, "Unaona? Sala ya dada imepita wizarani."

Alhamisi, 16 Januari

Tumepandikiza. Kiuno.

Jumamosi, 18 Januari

Tumepandikiza. Sikujua, mke wa Lyamba, amekuja kunisaidia bila kuitwa. Unawakumbuka, jirani zetu Wasukuma wenye ng'ombe, ambao jaruba zao zinaanzia kwenye mfereji. Anapandikiza haraka kuliko mimi na haachi kuongea.

Jumanne, 21 Januari

Mtaalamu wa udongo amekuja, anaitwa bwana Leodgar. Kijana mpole, viatu vyake virefu vya mpira bado vina karatasi ya dukani. Tulikaa nje ya ghala la bloku yetu, ya chini, familia zote kumi. Alisema atapima udongo wa kila mmoja, na kwamba fedha haziwezi kufika kila mahali.

Gelasius, mwenyekiti wetu wa bloku, akauliza, "Kwa hiyo mwenye chumvi nyingi ndiye anayechimbiwa mtaro kwanza?"

"Hapana mzee. Palipoharibika sana hatuchimbi. Kati ya mashamba kumi, matatu yakizidi kipimo, bloku nzima itapumzishwa."

"Itapumzishwa namna gani?"

"Hailimwi. Miaka mitano, labda sita. Mtaro unaenda bloku ya juu."

Dada, kwetu anayepumzishwa si marehemu? Nilimtazama Anselmo, akawa anachimba ardhi kwa kidole cha mguu. Lyamba ndiye aliyecheka. "Basi mtuwekee na misalaba," alisema. Hakuna aliyemfuata kucheka.

Tuna ekari mbili na nusu hapo, na hatuna nyingine. Unajua.

Jumanne, 28 Januari

Nimefanya jambo na sijui niliandike vipi. Naliandika kama lilivyokuwa.

Bwana Leodgar amefika asubuhi na vifuko vyake vya udongo. Alitaka kuingia katikati ya jaruba. Miche bado michanga, imeanza tu kushika. Nikamwambia, "Baba, pita juu ya tuta, usinikanyagie miche. Chukua pale kwenye pembe." Akasema sawa mama, hata hivyo katikati kuna maji na kipimo kitadanganya. Akachimba kwenye pembe. Akakoroga udongo na maji kwenye kikombe, akachovya kimashine chake. Akakitazama. Akakifuta, akachovya tena.

"Mama, hapa pamezidi sana."

Akaenda pembe ya pili. Pamezidi. Ya tatu. Alikuwa ananihurumia, nilimwona usoni, na mimi nilikuwa nimesimama na ndoo kichwani nisikumbuke kuitua. Ni mimi niliyemwelekeza pembeni. Pembe zote nne, dada. Ndipo tulipozika.

Ningesema palepale. Lakini Gelasius alikuwa nyuma yake ameshika vifuko, na nikaona jinsi litakavyosikika: Eufrazia amefukia vitu shambani. Wangesema hirizi. Mimi, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo ya kanisani.

Sikusema.

Alhamisi, 30 Januari

Nimeenda pembe ya mashariki asubuhi nikalamba udongo. Chumvi. Nimesali rozari. Sikusema.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua kubwa. Nimefurahi, nikidhani itaosha. Halafu nikakumbuka vipimo vimeshachukuliwa.

Jumapili, 9 Februari

Mvua imekata tangu Jumanne. Jua kali. Kwenye tuta la Gelasius umetokea ukoko mweupe, mwembamba, kama jasho likikauka kwenye shati. Kwetu bado.

Anselmo aliniuliza mbona sili. Nikamwambia ni joto.

Ijumaa, 14 Februari

Majibu yametoka. Mashamba yaliyozidi ni manne, yote ya upande mmoja, yamefuatana: la Lyamba, la Gelasius, letu, na la mama Lucia, yule mjane. Matatu yalitosha kutupumzisha. Sisi tuna manne.

Orodha ya mwisho inafungwa tarehe thelathini Aprili. Bwana Leodgar amesema mpaka hapo mtu mwenye maelezo anaweza kuyaleta. Alisema vile akitazama watu wote, mimi nikaona ananitazama mimi.

Gelasius akasimama. "Maelezo ninayo. Tumelima hapa tangu baba zetu, hatujaona chumvi ya namna hii. Imeanza lini? Imeanza alipokuja huyu bwana na ng'ombe zake mia. Shamba lake ndilo la kwanza kwenye mfereji. Ng'ombe wake anawalambisha magadi kila siku, wanakwenda kukojoa kwenye maji yetu. Hesabuni wenyewe: lake, langu, la Eufrazia, la Lucia. Chumvi inashuka na mfereji."

Watu wakaguna, guno la kukubali. Lyamba akasema, "Mwenyekiti, ng'ombe anakojoa chumvi, mtu je, anakojoa asali?" Wengine walitaka kucheka wakajizuia. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Zamani wangecheka.

Sikusema.

Jumatano, 19 Februari

Palizi. Leo Sikujua hakuja kunisaidia.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimepakwa majivu. Baada ya misa nimemwomba Padri Evarist anisikilize. Ya kitubio ni yake na Mungu, lakini yangu naweza kukuandikia. Nilimwambia kuhusu chumvi. Akasema, "Chumvi si dhambi, Eufrazia. Chumvi iliyobarikiwa ni ya kutukumbusha kumwamini Mungu, siyo ya kufukia kama mbegu, lakini hilo ni la kufundishana. Kuna mtu anabeba mzigo wako. Hilo ndilo la kuungama."

Nikasema nitasema. Akauliza, "Lini?"

Nikajifuta majivu yaliyodondokea puani.

Jumamosi, 8 Machi

Mpunga umeshika mimba. Naukagua kila asubuhi, ncha kwa ncha. Baadhi zimeanza kuwa nyeupe upande wa kusini. Anselmo anasema ni jua. Namwona anavyopinda kupita palepale mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Wamevunja hori la Lyamba, lile gogo kubwa lililochongwa ambamo anawawekea ng'ombe magadi. Wamelipasua kwa shoka na vipande wakavitupa mlangoni kwa Sikujua. Nimemkuta anaviokota kimya, anavipanga kama kuni. Watoto walikuwa ndani.

"Mama Maiko," aliniambia, "wametupa muda mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Wamesema tukiwa bado tupo, watavunja na nyumba. Ng'ombe watahama, sawa, ng'ombe wana miguu. Mpunga wangu unahama vipi?"

Nikamwambia pole. Pole, dada. Nilikuwa na neno moja la kumwokoa nikampa pole.

Kisha akaniuliza, na hakuwa na hasira, "Hivi na wewe unaamini ni sisi?"

Nikasema hapana.

"Basi waambie."

Nimefika nyumbani, nimekaa jikoni na moto haujawashwa. Nawaogopa Gelasius na wenzake. Naogopa jina litakaloniganda. Naogopa zaidi kwamba nikisema, watu wale wenye shoka watajua pa kwenda. Na kuna hofu nyingine ambayo sikuwa nimeiona mpaka leo: nilikuwa nimeanza kumwona Lyamba kwa macho ya Gelasius. Nilipopita kwenye mfereji juzi nilitazama kwato za ng'ombe wake kwenye tope, nikajisemea labda kweli. Mimi, ninayejua nilichofukia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Anselmo yote. Nilidhani atafoka. Alikuwa ananoa mundu, akaendelea kunoa mpaka mwisho, akauweka chini.

"Kwa hiyo siku zote hizi huli kwa sababu ya dada yako."

"Kwa sababu yangu."

"Chumvi kiganja kimoja kila pembe?"

"Kimoja."

"Mama Maiko, lakini kesho yake dada alitoka asubuhi peke yake, kabla hujaamka. Alirudi na mfuko mtupu. Mimi ndiye niliyeukunja. Ulikuwa wa kilo mbili."

Hilo sikulijua, dada. Mimi nilijua zile pembe nne tu tulizozika wote wawili jana yake.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika haraka, unisamehe herufi.

Leo ndiyo siku waliyompa Lyamba. Asubuhi watu walikusanyika kwenye ghala, wengi kuliko siku ya mkutano wa serikali. Wengine walikuja na mashoka na majembe kana kwamba wanakwenda shamba, na hakuna aliyekuwa anakwenda shamba. Lyamba alisimama pembeni na fimbo yake, Sikujua nyuma yake na mtoto mgongoni. Mtu alikuwa amempigia simu bwana Leodgar, naye akafika na pikipiki, amejaa vumbi. Baadaye nilijua ni Anselmo.

Gelasius alianza kusoma majina ya watakaokwenda "kusaidia kuhamisha". Ndipo nikasimama. Sikuomba nafasi. Nilisema, "Chumvi ya shambani kwangu nimeiweka mimi."

Akasema, "Kaa chini, dada Eufrazia, usitetee watu."

"Simtetei mtu. Nimefukia chumvi pembe nne mwezi wa kumi na moja. Chumvi ya baraka. Mtaalamu alipokuja nikamwonyesha apime kwenye pembe zile zile. Twendeni mkachimbe."

Mama mmoja nyuma akasema, "Yesu, Eufrazia, na wewe una tunguri?" na kicheko kikalipuka. Nilisimama ndani ya kicheko kile kama mtu anayeoga hadharani. Lakini mikono yenye mashoka ilikuwa imeshuka. Mtu hawezi kucheka na kushika shoka vizuri.

Tukaenda shambani wote, msururu juu ya tuta. Bwana Leodgar akachimba. Pembe ya kwanza akatoa kitambaa, kimeoza, bado kimefungwa kwa uzi wako wa bluu. Ya pili hivyohivyo. Zote nne. Akapima hatua tatu kutoka pembeni, kipimo kikashuka nusu. Akakaa chini kwenye tuta akavua kofia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Mimi pia ningeogopa," akasema, na Mungu ambariki kwa neno hilo.

Lyamba akaja mpaka karibu yangu. Huniita mayu, ni mama kwa Kisukuma chao. "Mayu," alisema, "mimi nimelambisha ng'ombe, wewe umelambisha ardhi. Tofauti yetu ni kwamba ng'ombe wangu wanashukuru." Safari hii watu walicheka naye. Sikujua hakucheka. Alinishika kiganja akakiminya, kisha akaenda zake nyumbani kwake, ambako hakuna aliyekwenda kubomoa.

Lakini haikuishia hapo. Gelasius alimuuliza bwana Leodgar, "Kwa hiyo tumepona?"

"Mlikuwa na manne. Nikitoa la mama huyu, yanabaki matatu. Matatu bado ni kupumzishwa."

Anselmo akatoa habari ya mfuko wa kilo mbili. Macho yote yakanirudia.

Bwana Leodgar alieleza taratibu, hata mimi nikaelewa. Katikati ya majaruba kuna maji, hapapimiki mpaka tuvune na pakauke, na hiyo ni Juni. Orodha inafungwa Aprili. Kwa sasa anaweza kupima kwenye matuta tu. Na kama kuna mtu alipita juu ya matuta akinyunyiza chumvi, ni lazima yeye mtaalamu ajue mtu huyo alipita wapi, ndipo apime ambako hakupita. "Likitoka shamba moja tu kati ya hayo matatu," alisema, "bloku inabaki kwenye mradi. Ila nataka maneno ya huyo aliyenyunyiza, kwa mkono wake mwenyewe."

Jumapili, 23 Machi

Kanisani nimeitwa Mama Chumvi mara tatu. Nimeitika zote.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua za mwisho. Ukoko umefika kwetu upande wa kusini, mbali na pembe. Nimelamba. Chumvi. Sikumwambia mtu ila wewe na Anselmo.

Alhamisi, 10 Aprili

Gelasius amekuja nyumbani. Sijapata kumwona amekaa kwenye kigoda chetu bila kofia. Amemwomba Lyamba radhi, kwa maneno machache, lakini ameomba, na amempelekea gogo jipya la kuchongea hori. Kisha akanisogelea.

"Dada Eufrazia, mwandikie dada yako aseme alipita kote. Kwangu, kwa Lyamba, kwa Lucia. Ni maneno tu. Nani atajua?"

"Kama hakupita?"

"Si chumvi ya baraka? Ilikuwa na nia njema. Na hili liwe na nia njema."

Maneno yake yalinivuta, nakuambia ukweli. Nilimfikiria mama Lucia na watoto wake. Nilifikiria miaka mitano. Gelasius alikuwa na machozi, mtu mzima yule, na nikaona kwamba siku zote zile hakuwa anamchukia Lyamba. Alikuwa anaogopa kama mimi, ila woga wake ulikuta mtu wa kuubeba.

Nikasema, "Nitamwandikia aseme alivyopita."

Jumatatu, 14 Aprili

Dada, nilisema nitaandika mpaka tuvune. Sisubiri. Basi la Sumbawanga linaondoka Majimoto kesho asubuhi na dereva ameahidi kulishika daftari hili kwa mkono wake. Mpunga umeinama, tutavuna mwezi wa tano Mungu akipenda. Upande wa kusini masuke ni mepesi, ukiyaminya hayatoi kitu.

Sasa nisome taratibu hapa. Asubuhi ile uliyotoka peke yako na mfuko, ulipita juu ya matuta gani? Uliishia kwenye shamba langu, au ulipita na kwa wenzangu? Kwa Lyamba penye mfereji? Kwa Gelasius? Kwa mama Lucia penye mti wa mkwaju? Najua moyo wako, unaweza kuwa uliwaombea wote bila kutuambia. Na inawezekana ulikaa mahali ukasali, chumvi ukaimwaga yote palepale.

Ukisema ulipita kwao, atapima kwingine, na pengine tutapona. Ukisema hukupita, basi chumvi ile ni ya ardhi yenyewe, inapanda kutoka chini, na tunalima juu ya kitu kinachokufa. Naogopa majibu yote mawili. Sikuambii useme lipi. Mtaro ukichimbwa kwenye shamba ambalo limeshakufa kwa sababu tulidanganya, ni bloku ya juu itakayokosa, na wao pia wana watoto. Sema ulivyopita tu, hata kama ni neno moja, na uweke sahihi yako.

Orodha inafungwa tarehe thelathini. Barua ya basi huchukua siku mbili, tatu dereva akilala njiani. Nakuomba usiiweke chini ya mto ukasali kwanza kama unavyofanya. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Eufrazia